Kikombe cha kwanza kichachu, cha tatu kichungu: mashine ya wenzo inataka nini?

"Nina mashine ndogo ya espreso ya wenzo, ile ya kushusha kwa mkono, haina springi. Ina boila na geji ya presha. Nimejifunza kwa miezi kadhaa na bado siielewi. Kikombe cha kwanza cha asubuhi huwa kichachu hadi uso unakunjamana. Cha pili kina nafuu. Cha tatu, nikiwa na wageni, ni kichungu kama mkaa. Nikisaga kahawa laini, wenzo haushuki hata niuegemee kwa uzito wangu wote. Nikilegeza kinu hatua moja, maji yanapita mbio na kikombe kinajaa kwa sekunde 10. Nimeambiwa lazima nifikishe presha ya bari 9 muda wote, kwa hiyo nabonyeza kwa nguvu zangu zote. Juzi nilipotoa portafilta, kile kishikio chenye chujio la kahawa, ilinirushia tope la kahawa moto mkononi. Je, mkono wangu ni dhaifu? Niiuze ninunue ya pampu?"

Pole kwa mkono wako. Nitaanza na hilo kabla ya ladha, kwa kuwa ladha inaweza kungoja hadi kesho na ngozi haiwezi.

Kahawa ikisagwa laini mno, maji hukwama juu yake yakiwa bado na presha. Wenzo umesimama katikati, nawe umekata tamaa, unazungusha portafilta ili uanze upya. Hapo ndipo ile presha inapopata mlango, na inatoka na kila kilichoko njiani. Siku nyingine wenzo ukigoma, usiulazimishe wala usiuinue tena, maana ukiuinua unakaribisha maji mengine kutoka kwenye boila. Zima mashine, acha kikombe chini ya mdomo wa portafilta, na uiache kwa dakika chache hadi matone yakome. Kisha ifunike portafilta kwa taulo nene na uizungushe kidogo sana, uso ukiwa mbali. Ukisikia kitu kinafoka, simama papo hapo, subiri kiishe, ndipo umalizie. Na kifuniko cha boila kisiguswe kamwe geji ikiwa inaonyesha chochote zaidi ya sifuri.

Sasa swali lako. Ninavyolisoma, una matatizo mawili yaliyojifunga pamoja. Moja ni ukinzani wa kahawa, na hilo ndilo linalokufanya udhani mkono wako ni dhaifu. Jingine ni joto la mashine, na hilo ndilo linalokupa uchachu asubuhi na uchungu mbele ya wageni. Kwa kuwa yamekuja kwa wakati mmoja, kila unachorekebisha kinaonekana kuharibu kingine.

Mkono wako hauna kasoro. Chukua pistoni, kile kipande kinachoshushwa na wenzo ili kisukume maji, yenye kipenyo cha milimita 50, ambayo ni karibu na zilizomo kwenye mashine nyingi ndogo za nyumbani. Ili izae bari 9, inabidi isukumwe kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 180 hivi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na urefu wa wenzo, ambao huzidisha nguvu yako mara kadhaa, na mkononi mwako zinabaki kama kilo 15 hadi 20. Ukitaka kuijua hisia hiyo, weka mizani ya kupimia uzito wa mwili juu ya meza, ibonyeze kwa kiganja hadi isome 15, kisha 20, na ukariri. Utashangaa jinsi ilivyo chini ya kile ambacho umekuwa ukikifanya. Ikiwa unauegemea wenzo kwa mwili mzima na haushuki, umeshapita presha yoyote inayohitajika, na tatizo liko kwenye unga wa kahawa.

Hiyo namba 9 nayo inastahili maelezo, kwa sababu imewatesa wengi. Mashine za kwanza za espreso zilisukuma maji kwa presha ya mvuke tu, bari 1 na nusu hadi 2 hivi. Achille Gaggia wa Milano ndiye aliyefungua njia ya pistoni: alianza kusajili uvumbuzi wake mwaka 1938, na baada ya Vita Vikuu vya Pili mashine zake za wenzo na springi zikaingia kwenye mikahawa. Springi iliyokazwa ilizaa presha kubwa zaidi mara nyingi, na ndipo ile krema, povu la rangi ya dhahabu, ilipoonekana juu ya kikombe. Lakini springi hailingani mwanzo na mwisho. Inaanza na nguvu nyingi, kisha nguvu inapungua kadiri inavyotanuka. Presha inayokaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho ilienea na pampu ya umeme, hasa baada ya kampuni ya Faema kutoa mashine yake ya E61 mwaka 1961. Kwa hiyo "bari 9 muda wote" ni tabia ya pampu. Espreso ilipopata sura tunayoijua leo, presha yake ilikuwa inapanda kisha inashuka taratibu, na mkono wako unaweza kuifuata njia hiyo vizuri kabisa. Mimi mwenyewe kwenye mashine kama yako nalenga bari 6 hadi 8 mwanzoni, kisha napunguza mkono kadiri kikombe kinavyokaribia kujaa.

Kupunguza huko kuna sababu yake. Maji yanapopita, yanayeyusha sehemu ya kahawa na kuibeba, kwa hiyo donge lililomo kwenye chujio linalegea na kuwa jepesi kupitika. Ukishikilia nguvu ileile, mtiririko unazidi kwenda kasi na kuosha kahawa iliyokwisha kutoa kizuri chake. Ukilegeza kidogo kidogo, mtiririko unabaki mwembamba na sawia hadi mwisho.

Tuje kwenye ukinzani. Mkono wako hauwezi kuzaa presha bila kitu cha kuupinga. Presha inazaliwa pale mkono unapokutana na unga unaokataa kupitisha maji. Anayeamua ukinzani huo ni kinu, kisha kiasi cha kahawa, kisha jinsi ulivyoitandaza kwenye chujio. Mkono unakuja wa mwisho. Wewe umekuwa ukijaribu kulipa kwa mkono deni la kinu.

Na kuna madhara ya kubonyeza zaidi ambayo huenda huyajui. Maji hayana subira: palipo na ufa au sehemu iliyolegea ndipo yanapopita. Ukiyasukuma kwa nguvu ghafla, yanapanua ufa huo na kuacha sehemu nyingine ya donge karibu kavu. Unga ulio kando ya ufa unaoshwa kupita kiasi na kutoa uchungu, ule ulioachwa unatoa uchachu tu, na vyote viwili vinaingia kikombe kimoja. Ukionja kahawa iliyo chachu na chungu kwa pamoja, nyembamba, isiyo na utamu katikati, shuku nyufa kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Kwa hiyo pale unapoongeza nguvu ili kuponya kikombe kibaya, mara nyingi unakizidisha ubaya.

Sasa ule mtego wa hatua mbili za kinu: laini mno haishuki, hatua moja juu yake inapita mbio. Hapa nitakuuliza swali moja ambalo hukuligusa: unapima kahawa kwa mizani? Unga wa kijiko kimoja hadi kingine unaweza kutofautiana kwa gramu moja au zaidi, na kwenye chujio dogo gramu moja inabadilisha kila kitu. Pata mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kaa kwenye ile hatua ya kinu ambako maji yanapita mbio, na uongeze kahawa nusu gramu kwa kila jaribio, mradi tu unga usifike kugusa kichujio cha juu, kile ambacho maji hupitia kushuka. Ukiona huwezi kuongeza zaidi na bado yanakimbia, nenda kwenye hatua laini na upunguze nusu gramu. Katikati ya hatua mbili za kinu kuna nafasi kubwa, na kiasi cha kahawa ndicho kinachokuwezesha kuifikia.

Mahali pa kuanzia, chukua gramu 14 za unga na ulenge gramu 28 kikombeni. Usitamani zaidi ya hapo kwa mara moja. Chumba kilicho chini ya pistoni kina ukomo, na unga wenyewe hunywa maji yanayokaribia uzito wake kabla haujakupa tone. Muda uwe kama sekunde 30 tangu unapoanza kushusha, lakini usiabudu saa: kikombe kitamu cha sekunde 22 au 40 kinabaki kuwa kitamu.

Kabla ya kushindilia, chokoa unga kwa sindano nyembamba hadi mabonge yote yavunjike, ukifika hadi chini ya chujio. Kisha shindilia kwa usawa. Watu hubishana sana kuhusu nguvu ya kushindilia, na nadhani wanapoteza muda. Unga ukishakaa pamoja, nguvu ya ziada haileti tofauti ya maana. Kulala upande ndiko kunakoharibu. Angalia pia kishindilio chenyewe. Vile vya plastiki vinavyokuja na mashine ndogo mara nyingi ni vyembamba kuliko chujio, vinaacha ukingo wa unga uliolegea pande zote, na maji yanaupenda ukingo huo. Kishindilio cha chuma kinachoingia sawasawa na chujio lako ni matumizi mazuri ya fedha kuliko pambo lingine lolote la mashine hii.

Kisha kuna namna ya kuinua wenzo, na hapa ndipo watu wengi wa mashine zisizo na springi wanapoharibu kikombe bila kujua. Pistoni inapopanda inavuta hewa. Ikiwa portafilta imeshafungwa na unga umo ndani, hewa hiyo inavutwa kupitia unga kutoka chini, na donge ulilolitengeneza kwa uangalifu linanyanyuka na kupasuka kabla maji hayajafika. Jaribu hivi: inua wenzo karibu na juu, ukiishia kabla tu maji hayajaanza kuingia, ndipo ufunge portafilta, kisha malizia kuinua. Mara chache za kwanza utakosea na maji yatamwagika kidogo kwenye trei, hivyo fanyia mazoezi bila kahawa hadi mkono ujue mahali penyewe.

Wenzo ukiwa juu kabisa, maji ya boila yanaingia kwa presha yake ndogo na kuanza kulowesha unga. Upe unga nafasi. Hesabu sekunde 5 hadi 10, au subiri hadi tone la kwanza lionekane chini. Unga uliolowa wote unavimba na kuziba nyufa ndogo, na baadaye unapokea presha kwa usawa. Kisha shusha polepole, ukiongeza nguvu ndani ya sekunde 2 au 3 hadi mtiririko utokee, bila kushtua. Usiinue wenzo tena katikati ili kupata maji zaidi. Ule mvuto wa kurudi juu unapasua donge lililokwisha kubanwa, na nusu ya pili ya kikombe itakuwa maji machungu.

Hilo la ukinzani linatosha. Joto ndilo lililonifanya nijibu swali lako kwa urefu, kwa sababu umeeleza dalili zake kwa usahihi kuliko wengi wanaouliza, na bado umejilaumu mwenyewe.

Boila yako inafanya kazi kwa presha ya bari 0.8 hivi juu ya ile ya hewa. Kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100. Yanafika kama 117. Espreso inataka maji ya nyuzi 90 hadi 95, na zaidi kidogo au pungufu kidogo kutegemea kahawa. Nani anayepunguza nyuzi zile zote zilizozidi? Ni kichwa cha mashine, kile kipande kizito cha shaba ambacho pistoni inapita ndani yake. Maji yanaingia yakiwa moto mno, chuma kinameza sehemu ya joto hilo, na kinachofika kwenye kahawa kinategemea chuma kilikuwa na joto gani wakati huo. Asubuhi kichwa ni baridi, kinameza joto jingi, maji yanafika yakiwa yamepoa na kikombe kinakuwa kichachu. Kikombe cha pili kinakuta kichwa kimepata moto wa kutosha. Cha tatu kinakuta chuma kimeshashiba joto, hakiwezi kumeza zaidi, na maji yanaunguza kahawa. Mashine yako inafanya jinsi ilivyotengenezwa, na dalili zako zimefuata utaratibu huo hatua kwa hatua.

Kwa kikombe cha kwanza kuna sababu ya pili inayojificha kwenye geji. Mashine baridi ina hewa iliyofungiwa juu ya maji. Maji yakianza kupata moto, hewa hiyo inabanwa, na geji inapanda na kuonyesha kwamba mashine iko tayari ilhali maji hayajafika. Ukiona geji imefika, fungua bomba la mvuke. Kitatoka kwanza kitu kama pumzi na matone, na geji itaanguka. Liache wazi hadi mvuke mkavu utoke mfululizo, funga, usubiri presha ipande upya. Hiyo ya pili ndiyo presha ya kweli. Kisha weka kikombe tupu, inua wenzo na upitishe maji kidogo bila kahawa ili kichwa na portafilta vipate moto. Ukifanya haya mawili tu, naamini kikombe chako cha asubuhi kitabadilika kabla hujagusa kinu.

Kwa kikombe cha tatu, kazi ni kupoza. Njia rahisi ni kuchovya portafilta tupu kwenye maji baridi, kuifuta na kuifunga kwenye kichwa kwa dakika moja hivi ili inyonye joto, rudia ikibidi. Wengine hufunga kitambaa kibichi kwenye kichwa, nayo inasaidia, mradi maji yasidondokee sehemu za umeme. Ikiwa wageni wako hawana haraka, kuzima mashine na kungoja ni bora kuliko yote. Na ukitaka kuacha kubahatisha, bandika kwenye kichwa kile kipande cha plastiki kinachobadilika rangi kulingana na joto. Hakitakuambia joto la maji yenyewe, kwa sababu kinapima ngozi ya nje ya chuma, lakini kitakuonyesha namba ambayo vikombe vyako vizuri hutokea. Ukishaijua, unaanza kukamua ikiwa hapo, kila siku.

Kahawa nayo ina sauti katika hili. Iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi hutoa uchungu upesi, kwa hiyo ikamue kichwa kikiwa na joto la chini. Iliyokaangwa kidogo ni ngumu kuyeyuka na huchachuka, kwa hiyo ipe joto zaidi na muda mrefu wa kulowa. Wakati unajifunza, chagua ya katikati, iliyokaa wiki moja au mbili tangu kukaangwa, na usibadilishe mfuko hadi uishe. Usiguse pia kinu, kiasi na joto siku moja. Tengeneza joto kwanza hadi vikombe vitatu vifuatane vikiwa na ladha inayofanana, hata kama si tamu. Ndipo uhamie kwenye kinu.

Kuhusu kuiuza: mashine ya pampu ingekuondolea kazi ya mkono, na ikiwa nzuri, ingekutunzia joto vizuri zaidi unapowahudumia wageni wanne kwa mfululizo. Hilo ni faida ya kweli, na kama kila kahawa yako ni ya kundi la watu, nisingekulaumu. Lakini pampu haitibu kinu kisichoweza kusaga sawasawa wala unga uliotandazwa vibaya. Itasukuma maji kwenye nyufa zilezile. Ikiwa una fedha za kununulia kitu kimoja tu, na baada ya kutumia mizani bado huwezi kuupata mtiririko mwembamba, nunua kinu chenye marekebisho madogo zaidi. Ukiamua baadaye kuhama, utahama nacho.

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyatatua kwa maandishi ya mtu aliye mbali. Ukipata mshtuko hata mdogo unapogusa chuma, chomoa waya ukutani na usiiwashe tena hadi fundi aione. Vivyo hivyo geji ikizidi kupanda bila swichi ya presha kukata moto, au vali ya usalama ikifoka kila mara. Ikiwa boila iliwahi kuishiwa maji ikiwa imewashwa, kipashio, kile kinachopasha maji moto, kinaweza kuwa kimeungua, na hiyo ni kazi ya fundi pia. Bega au kifundo cha mkono kikiuma hata siku usizokamua, mwone daktari au mtaalamu wa viungo. Kwa nguvu uliyokuwa ukiitumia, inawezekana umejiumiza.

Mwisho, angalia kama maji yanachuruzika pembeni ya pistoni juu ya kichwa, au wenzo unashuka kwa urahisi hata unga ukiwa laini. Hiyo ni dalili kwamba mipira ya pistoni imechakaa. Si kitu kikubwa, fundi huibadilisha na kuipaka grisi inayofaa kwa chakula. Ikibadilishwa, wenzo utakuwa mzito kuliko ulivyozoea kwa vikombe kadhaa, kwa hiyo usikimbilie kinu. Acha mipira ijikae kwanza.